Uwanja mpya wa gofu utanywa maji ya nani?

Mhariri,

Kila nikisikia uwanja mpya wa gofu na nyumba za kifahari Pwani, la kwanza ninalouliza ni maji. Vipingo, Kilifi, palipochezwa mashindano ya gofu ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019, pametuonyesha kuwa gofu inaweza kushika kwenye nchi ya mkonge. Sawa. Lakini mchoraji wa uwanja mpya achague nyasi za paspalamu, zinazostahimili maji ya chumvichumvi, asije akagombania visima na wanakijiji. Na njia ya kushukia ufuoni iwekwe kwenye ramani kabla ya shimo la kwanza, si mvuvi aje aambiwe na askari wa getini azunguke, dema lake begani.

Msomaji,
Kilifi