Programu ni yetu, kuitoa kwenye seva mpaka tumlipe nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila mtu akiambiwa kwenye dirisha la malipo kwamba "mfumo uko chini", lawama zinakwenda kwa mtandao. Mimi nashughulika na seva katika taasisi moja hapa Morogoro, na ninavyoona, shida nyingi huanzia siku mkataba unaposainiwa, pale ambapo hakuna anayeuliza: siku ya kuhama, nani ataitoa hii programu?

Seva yetu ilipochoka, kampuni iliyotuwekea mfumo ilileta ankara ya "kuhamisha programu". Mhasibu alipoiona aliuliza kama tumeagiza seva ya pili. Sasa, kwa sisi tunaotumia WebSphere ya IBM, yaani seva ya kuendeshea programu za Java, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufungua wsadmin, chombo chake cha kuandikia amri, na kuandika mstari huu:

AdminApp.export('malipo', '/hifadhi/malipo.ear')

Unapata faili moja la EAR, yaani kifurushi cha programu. Kwa ndani ni zip tu: kurasa, maktaba za Java na maelezo ya namna vipande vinavyoungana. Ukitaka programu zote, AdminApp.list() inakutajia majina, kisha skripti fupi, yaani orodha ya amri, ya Jython (Python inayoendeshwa kwenye Java) inazitoa moja moja, usiku, bila mtu kukesha. Hata seva ikigoma kuwaka, ukiingia kwa -conntype NONE, wsadmin inasoma mipangilio moja kwa moja kwenye diski na faili lako linatoka. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo aliimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ila wenzangu wa TEHAMA wasishangilie mapema. EAR si mfumo mzima. Anwani ya hifadhidata, nywila yake, foleni za ujumbe na vyeti vya usalama viko kwenye mipangilio ya seva, wala havitoki pamoja na programu. Kinachobaki ndani ya faili ni jina tu ambalo programu hulitumia kuitafuta hifadhidata, tuseme jdbc/malipo. Ukiisimika mahali ambapo jina hilo halijulikani, ukurasa wa kwanza unaweza kufunguka vizuri kabisa, kila mtu akapiga makofi, halafu mteja wa kwanza akibonyeza "lipa" mambo yanaharibika. Kwa hiyo inahitajika skripti ya pili, ya kuunda upya hivyo vyanzo vya data, na imalizike kwa AdminConfig.save(), la sivyo ukitoka tu kazi yote imepotea. Na tusisahau kwamba ndani ya EAR kwa kawaida mna Java iliyokwisha kukompailiwa, yaani iliyogeuzwa kwa ajili ya kompyuta, si msimbo wa asili alioandika mtengenezaji. Kampuni ikifunga ofisi, programu utaihamisha, lakini kuirekebisha ni habari nyingine.

Ombi langu ni kwa kamati za zabuni. Skripti hizo mbili ziandikwe kwenye mkataba kama bidhaa ya kukabidhiwa, sawa na seva yenyewe. Na malipo ya mwisho yasubiri mpaka mtumishi wa taasisi, si fundi wa kampuni, autoe mfumo, ausimike kwenye seva tupu na kufanya muamala mmoja wa majaribio ukakubali. Ni kazi ya siku moja au mbili, haimwonei mtu.

Najua jibu litakalokuja: usalama, hatuwezi kumpa kila kijana nywila ya msimamizi. Hakuna aliyeomba hivyo. WebSphere ina ngazi za ruhusa, kuanzia anayeangalia tu hadi msimamizi mkuu, na kila mtu anaweza kuwa na akaunti yake. Kwetu hali ilikuwa akaunti moja, nywila anayo mtu mmoja wa kampuni aliyeko Dar es Salaam, na Jumamosi simu yake haipokelewi.

Fundi wa seva,
Morogoro