Mlima tunaupiga picha, ufa hatuuangalii

Mhariri, salaam.

Kila ardhi ikitikisika kidogo huku kwetu magazeti yanatoa picha ileile, na lako limo, Oldoinyo Lengai, ile volkano ya kusini ya Ziwa Natron, inafuka moshi na chini yake swali lilelile, italipuka lini. Mi sio msomi, ni dereva, nimeendesha Land Cruiser njia ya Mto wa Mbu mpaka Engaresero miaka mingi tu, ila kuna kitu nilikiona kule nimekaa nacho muda mrefu na leo naomba nikitoe.

Mwaka 2013 nilikuwa nabeba watafiti waliokuwa wanafukia mashine za kusikiliza matetemeko, huku kaskazini mpaka upande wa Kenya, jumla karibu vituo 40. Msifikiri ni kazi ya ofisini. Tunachimba shimo kwenye jua kali, chini tunamwaga zege, mashine yenyewe ni kidude cha kubeba mkononi kama sufuria ya ugali wa watu watatu, jamaa analala kifudifudi nusu saa nzima anaiweka levo na kuielekeza kaskazini kwa dira, halafu betri kama ya gari, sola, na miba kuzunguka ili mbuzi wasisogee. Yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, wa boma la jirani ndo akapewa kuilinda. Akaniuliza, hii inasikia nini? Nikababaika.

Jioni yake kijana mmoja wa kwenye timu akanichorea mchangani. Tetemeko likipiga popote linatuma mawimbi chini ya ardhi, kwenye mwamba mgumu wa baridi yanakimbia, kwenye mwamba wa moto wenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, yanachelewa, na kuna aina moja ya mawimbi haipiti kabisa kwenye kitu cha majimaji. Sasa ukiwa na vituo vingi unalinganisha wapi yamewahi na wapi yamechelewa, kompyuta inachora picha ya chini, ni kama siti skani ya hospitali. Nikamwambia aah, kama mama anavyogonga tikiti pale soko la Kilombero kabla hajatoa hela. Akacheka, akasema karibu hivyohivyo.

Ila alichosisitiza zaidi ni ufa. Ule ukuta mrefu wa mwamba magharibi ya Ziwa Natron, ambao wageni wanaupita wakiwahi kupiga picha mlima, ndo ufa wenyewe, ardhi ya upande wa ziwa imeshuka ikaacha ule ukuta umesimama, na Lengai imekaa jirani yake kabisa. Ufa ukiteleza, miamba ya jirani inabanwa kwingine na kulegezwa kwingine, magma inatafuta pale palipolegea. Na magma nayo ikijisukuma inaweza kuuchokoza ufa uteleze. Kujua nani kaanza ndo kazi ya hizo mashine.

Chukua Julai 2007. Nilikuwa Sakina kwa kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa, vioo vikaanza kugongana, tukatoka wote nje na mataulo shingoni. Tarehe 17 lilipiga la ukubwa wa 5.9, na mtaani kila mtu akasema Lengai hiyo. Kumbe vipimo vya baadaye, vya setilaiti na vya matetemeko, vilionyesha kwanza ufa uliteleza taratibu kwa siku kadhaa, halafu magma ikajipenyeza kama ukuta mwembamba uliosimama wima chini ya Gelai, mlima ambao sisi wote tulishauhesabu umekufa. Haikufika juu, ikaacha nyufa ardhini tu. Lengai yenyewe ikaja kulipua majivu Septemba 4, ikaendelea mpaka 2008. Sasa niambie mhariri, ile Julai picha ya moshi ingetuambia nini kuhusu Gelai?

Na sio Gelai tu. Watafiti waliopima hewa inayotoka kwenye nyufa za eneo la Natron na Magadi walikadiria kabonidayoksaidi kama tani milioni 4 kwa mwaka, nyingine inatokea mbali kabisa na kreta, yaani mdomo wa volkano, mahali unapita na gari huoni chochote. Upande wa Manyara matetemeko mengine yanaanzia zaidi ya kilomita 20 chini, na juu yake hakuna mlima wa kupiga picha. (Huu Meru wetu tunaouona dirishani nao ni volkano, mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo 1910, lakini watu wengi wa mjini ukiwaambia wanakukatalia.)

Ninachoomba ni kidogo tu. Tetemeko likitokea andikeni limeanzia wapi, kina gani, karibu na ufa upi, na mpigieni mtu wa jiolojia awaeleze kwa Kiswahili kabla hamjaitafuta picha ya moshi. Na wale wanaokuja kufukia mashine wakishapata majibu mwafuateni, muyatoe gazetini kwa lugha yetu, kwa sababu waliochimba mashimo na kulinda sola ni watu wa huku.

Yule yeyo nikipita bado ananisimamisha. Juzi nilimchorea mchangani kama nilivyochorewa, akaangalia, akasema sawa, na ile ya kwangu ilisikia nini? Hilo sina jibu lake, na gazeti la kumsomea sina.

Dereva, Sakina, Arusha