Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: opereta apewe ruhusa ya kufuata joto la tangi

Mheshimiwa Waziri, najua barua nyingi unazopata zinaomba maji safi, mimi naandika kuhusu majitaka ambayo hakuna anayetaka hata kuyasikia.

Iko hivi mheshimiwa, kwenye mtambo wa majitaka kazi yenyewe wanafanya bakteria, na bakteria wanafuata joto la maji. Kwa makadirio ya kawaida joto likishuka nyuzi 10 kasi yao inapungua karibu nusu, sasa wale wanaokula uchafu wa kawaida wanajikaza, ila wanaogeuza amonia kuwa naitreti ndo wanaodeka kabisa, chini ya nyuzi 10 wanazubaa, ikikaribia 5 ni kama wamegoma, amonia inapita hivyo hivyo mpaka mtoni kuua samaki.

Halafu utakuta agizo la kutoa tope tangini (na humo kwenye tope ndo bakteria wanaishi) ni moja mwaka mzima, baridi iwepo isiwepo. Hili ndo linanikera. Bakteria hao wakipoa wanazaana taratibu, ukiwachota kwa kasi ya kipindi cha joto unawatoa wengi kuliko wanaozaliwa, mwishowe tangini hamna kitu. Dawa yake sio lazima tenda ya mtambo mpya (najua tenda zinapendwa), ni kupunguza kutoa tope KABLA baridi haijaingia ili likae siku nyingi zaidi, ukisubiri amonia ipande kwenye majibu ya maabara ushachelewa, kuwarudisha ni wiki kadhaa. Ila waangalie na tangi la kutuamisha, maji ya baridi tope linazama polepole.

Na joto nalo lisiwadanganye. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu, na hapo ndo bakteria wanaihitaji zaidi. Akija mtu wa bajeti kuzima mashine za hewa eti kuna joto la kutosha, muulizeni watapumua nini.

Hata Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya majitaka ya 1991, kikomo cha naitrojeni (ile iliyomo kwenye amonia na naitreti) walikifungamanisha na maji ya nyuzi 12 au zaidi ndani ya tangi.

Ninachoomba: joto la maji ya tangini lipimwe kila siku, sio la hewa ya nje, opereta abadili kiasi cha tope kwa kufuata namba hiyo bila kusubiri barua yenye muhuri, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye kibali cha mtambo, bosi mpya asije akaifuta kwa simu.