Mpwa wangu, kabla hujatuma hela ya gari la rimoti

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Kihesa. Bibi yako hajambo, ila baridi inamsumbua magoti. Ujumbe wako nimeusoma na picha ya gari ulilolipenda nimeiona. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hilo halikusumbui wewe peke yako. Vijana wa Mafinga, wa Njombe na wa hapa Iringa wananiuliza hilo hilo wanapoleta simu zao kutengenezwa: nina hela yangu ya viazi, nataka gari la rimoti la mbio, lile bagi linalovuta kwa tairi zote nne, ninunue lipi? Basi na wao wasome.

Hela ni yako, umeilima mwenyewe, na asitokee mtu mzima akakwambia unacheza michezo ya watoto. Kijana anayeweza kufungua difu (zile gia zinazogawa nguvu kwenye tairi), kubadili mafuta ya shokapu na kulehemu plagi ya betri ana ufundi mkononi. Isitoshe, unajua watu wa Iringa tunavyojipanga kando ya barabara siku za Mkwawa Rally. Gari likipita kona huku limechimba vumbi, mzee na mtoto wote wanapiga kelele. Ninachohofia ni kitu kimoja: gari kuishia juu ya kabati kwa kukosa kipande cha plastiki cha hela ndogo.

Hilo XRAY XB4 ulilonitumia ni gari la mashindano hasa. Linatengenezwa Slovakia, la kipimo cha 1/10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, na ukilishika utaona kila skrubu imekaa pake. Lakini soma vizuri kilichomo ndani ya boksi. Unauziwa vipande vya kuunganisha mwenyewe. Mota haimo, sevo ya usukani haimo, kidhibiti mwendo hakimo, rimoti na betri havimo, na tairi nazo unanunua pembeni. Bei uliyoiona ni mwanzo wa matumizi.

Na kuna jambo lingine ambalo huenda hukulitilia maanani. Kampuni hiyo imekuwa ikitoa gari hilo kwa namna mbili: moja ya kukimbia juu ya zulia, ndani ya ukumbi, na nyingine ya udongo. Hata huo udongo wao ni uwanja uliomwagiwa maji, ukashindiliwa na kufagiliwa. Kwa hiyo aliyelibuni ameanza na swali la wapi litakimbia, kasi ikafuata. Nawe anzia hapo.

Hapo Uyole, Mbeya, unapoishi, udongo wake ni wa volkano, mwepesi na laini. Kuanzia Juni mvua zikishakata mpaka mwisho wa kiangazi, vumbi lake linaingia hata kwenye spika ya simu, naliona mezani kwangu kila wiki. Masika unageuka tope la kunata. Na kile kiwanja chenu nyuma ya mashine ya kusaga, kama bado kiko vile nilivyokiacha, kina mabonde ya magurudumu ya mikokoteni na kokoto za ukubwa wa yai la kuku. Bagi la 1/10 la mbio lina urefu wa kama sentimita 40, na tumbo lake liko karibu sana na ardhi. Kokoto hiyo litaigonga kwa kifua. Bagi la 1/8 lina urefu wa kama nusu mita, tairi zake ni kubwa, na mashimo ambayo la 1/10 linadumbukia, hili linayapita juu.

Wapo watakaokushauri ununue la injini, la nitro, kwa sababu linanguruma na kutoa moshi. Lina raha yake, sikatai. Ila Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ndogo ya sentimita za ujazo 3.5 inayovuta hewa hiyo nyepesi inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho, na mchanganyiko wake lazima urekebishwe upya. Mafuta yake nayo ni methanoli, nitromethani na oili, hayauzwi sheli. Kisha lile vumbi: likipenya kichujio cha hewa mara moja, pistoni na silinda yake vinakwaruzana mpaka injini inakosa mgandamizo. Nunua la umeme.

Mota ya umeme haivuti hewa ili ifanye kazi, kwa hiyo nguvu yake ya Dar ndiyo ya Mbeya. Kinachobadilika ni upoaji. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo, feni inazunguka lakini haiondoi joto kama ingeliondoa pwani. Ndiyo maana nakushauri ile gia ndogo inayokaa kwenye mhimili wa mota uipunguze jino moja au mawili kuliko walivyofunga kiwandani. Utapoteza mwendo kidogo mwisho wa mnyoosho, utapata mota inayoishi. Kila baada ya dakika tano simamisha, gusa mota kwa mgongo wa kidole. Ukishindwa kukiacha kidole hapo hata sekunde mbili, pumzisha gari.

Sasa namna ya kupeleka nguvu mbele na nyuma. Kuna magari ya mkanda wa mpira na magari ya shafti, yaani fimbo inayozunguka. Mkanda si kitu duni. Mwaka 1987 kule Romsey, Uingereza, Mjapani Masami Hirosaka alitwaa ubingwa wa dunia wa bagi za tairi nne akiwa na Schumacher CAT, gari la mkanda. Mkanda ni laini na haupigi kelele. Lakini kokoto moja ikiingia kati ya mkanda na puli yake, meno yanang'oka, na mkanda mwingine unausubiri kutoka ng'ambo. Shafti imefungiwa, gia zake za pembe zimo ndani ya kasha lenye grisi, na vumbi linabaki nje. Kwa udongo wetu chukua shafti bila kusitasita.

Difu za magari haya hujazwa mafuta ya silikoni, na uzito wa mafuta hayo unabadilisha tabia ya gari. Mazito mbele, gari linavuta kwa nguvu likitoka kwenye kona. Mepesi nyuma, mkia unatulia. Usianze kuyachezea sasa. Endesha kwanza na yale yaliyotoka kiwandani mpaka uzijue kona zako.

Ukienda kuangalia gari kwa macho, iwe Mwanjelwa au Kariakoo au kwa mtu anayeuza lililotumika, nakuomba ufanye kitu hiki kabla hujauliza bei. Zima gari. Liinue, tairi zote zikae hewani. Shika tairi mbili za mbele, moja kila mkono, uzizungushe pamoja kuelekea mbele, huku ukitazama za nyuma. Gari linalovuta kweli kwa nne, za nyuma zitaitika. Kama katikati hakuna difu, zitazunguka kuelekea upande ule ule, na utasikia mota ikikupa uzito mikononi. Kama katikati ipo difu, zinaweza kuzunguka kinyume. Zote mbili ni sawa. Zikikaa kimya huku za mbele zikizunguka bure kama za baiskeli iliyokatika mnyororo, umeshika mwanasesere aliyebandikwa maandishi ya 4WD, mrudishie mwenyewe. Halafu shika tairi moja ya mbele isizunguke, zungusha ya pili polepole. Sikiliza. Mkwaruzo kidogo wa grisi si tatizo, lakini ukihisi kishindo kinachorudi kila mzunguko mmoja, jua jino limekatika ndani. Mwisho vuta tairi nje na ndani kuangalia mchezo wa beringi. Magari ya bei ya chini hutoka na bushi za plastiki badala ya beringi, na vumbi la Uyole litazila haraka. Ukibadilisha, tafuta beringi zenye kifuniko cha mpira pembeni, maana zile za kifuniko cha bati hupitisha vumbi.

Betri ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Magari haya hutumia lipo, yaani betri za lithiamu-polima. Seli moja ikijaa ina volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 imeharibika, hata ukiifufua haitakuwa ile. Ukimaliza kuendesha usiiache imejaa wala tupu. Chaja nzuri ina sehemu ya kuipeleka volti 3.8 kwa kila seli kwa ajili ya kuihifadhi. Chaja yenyewe iwe ya kusawazisha seli, na uchague inayopokea volti 11 hadi 18 za DC, ili TANESCO wakikata uichomeke moja kwa moja kwenye betri yenu ya sola. Nimepiga hesabu: betri ya seli tatu ya mAh 5,000 inabeba wati-saa 55 na nusu. N70 yenu, hiyo betri ya sola, itaijaza zaidi ya mara moja bila shida, ila usiku huo mama yako asikose taa kwa ajili yako. Ichaji kwa ampia 5, usizidishe. Na ufanyie ndani ya chungu, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia. Usiondoke. Lipo ikivimba, iwe ndogo namna gani, isirudi kwenye gari.

Usidhani betri inaagizwa kirahisi kama kifuniko cha simu. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenda kama mzigo ndani ya ndege za abiria. Ndiyo sababu wauzaji wengi wa mtandaoni wanakutumia gari na kukuacha bila betri. Anayesafiri anaweza kubeba za akiba kwenye begi la mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe. Ukimjua mtu anayerudi kutoka Dubai, zungumza naye mapema.

Julai asubuhi, baridi ya Uyole unaijua. Lipo iliyolala baridi inalegea, gari linaonekana zito. Iweke ndani ya koti nusu saa kabla ya kutoka. Plastiki pia inakuwa ngumu na kukatika, hasa ile mikono ya chini inayoshika tairi za mbele, ambayo ndiyo inayovunjika kuliko kitu kingine chochote. Mikono hiyo ikiwa ya naironi, ichemshe kwenye maji dakika ishirini hivi kabla ya kuifunga, uiache ipoe humo humo. Naironi inakunywa maji, inapata unyumbufu, inapinda pale ambapo ingekatika. Mafundi wa mchezo huu wanafanya hivyo miaka mingi.

Umeniuliza lipi, sikukimbii. Kwa kiwanja chenu na kiasi ulichonitajia, mimi ningechukua bagi la 1/8 la umeme, la shafti, lililokuja limeunganishwa, la seli tatu. Arrma Typhon 3S ndilo hasa ninalolisema. Mota yake haina brashi za kuchakaa ndani, difu zake zimefungiwa, na spea zake zinauzwa kipande kimoja kimoja. Utalipa ushuru na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo agiza spea kwenye mzigo ule ule wa gari: mikono ya mbele jozi mbili, gia ndogo za mota, seti ya beringi.

Lakini unataka mbio, na hapo kuna kitu kinaweza kuugeuza ushauri wangu wote. Umesema wenzako watatu pale chuoni wanalitazama WLtoys 144001. Ni dogo, 1/14, la shafti, bamba la chini la aluminiamu, mota ya brashi, seli mbili. Kwenye boksi wameandika kilomita 60 kwa saa, ambayo kwenye kokoto hutaiona. Bei yake ni ya chini sana kuliko ya Typhon. Kama kweli hao watatu wananunua, nunua hilo hilo. Magari manne yaliyo sawa, kwenye uwanja wa mpira ulioshindiliwa na miguu, yatakupa mashindano ambayo Typhon peke yake haliwezi kukupa. Utajifunza kushika mstari kona ya pili huku mwenzako anakusukuma ubavuni, na mkishiriki kununua spea mtagawana na nauli ya mzigo. Typhon litakuwepo hata baada ya mavuno ya mwakani.

Kwa hiyo nijibu mambo mawili. Wenzako wametoa hela au bado wanasema tu? Na kile kiwanja, nenda kakipige picha mchana, uweke kiberiti chini kando ya kokoto nipate kipimo. Nikipata jibu kabla ya Ijumaa nitamwambia mama yako mdogo aliye Dar aulizie bei ya betri za seli mbili na za seli tatu, zote, ndipo tuamue.

Mjomba wako,
Kihesa, Iringa