Kidonge cha Usiku, Usingizi wa Kipindi cha Tatu

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Ujumbe wako nimeupata: kidonge cha mzio (aleji) umekihamishia usiku, chafya zimekatika, pua imekauka, lakini kufika kipindi cha tatu macho hayafunguki na watoto wa nyuma wameshaanza kukonyezana. Usijiite mvivu. Tazama kidonge kwanza.

Kile kidogo cha njano, ambacho sote tunakiita Piriton hata kikiwa cha kiwanda kingine, ni klofeniramini ya miligramu 4. Kazi yake ni kuizuia histamini, inayoleta chafya na muwasho. Sasa histamini hiyohiyo ndiyo inayouweka ubongo macho, na klofeniramini huingia ubongoni bila kupiga hodi. Ikizima chafya, inazima na wewe.

Ule ujanja wako wa kukihamishia usiku si mbaya, ila hautoshi. Kwa mtu mzima dawa hii huchukua takriban saa 20 ndipo ipungue nusu mwilini. Umemeza saa nne usiku. Saa mbili asubuhi unapoita mahudhurio, sehemu kubwa bado imo. Usiku unaofuata unaongeza cha pili juu ya mabaki ya cha kwanza. Na kuna jambo baya kuliko kusinzia: akili na mikono huweza kupungua kasi hata siku unayojiona mzima kabisa. Ndiyo maana siku ya Piriton na kesho yake usiendeshe pikipiki kwenda shule, wala usijumlishe alama za mtihani.

Kwa hiyo usibadilishe saa tu, badilisha dawa. Nenda famasi uulize loratadini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Haiingii sana ubongoni, na kwa kipimo hicho wengi hawasinzii. Ukizidisha vidonge ili upone haraka, utaurudisha usingizi uleule unaoukimbia. Setirizini ya miligramu 10 nayo ni nzuri na huanza kazi mapema, ila kuna watu huwalaza. Ukiichagua, imeze saa moja jioni. Ya tatu ni feksofenadini, hiyo ndiyo yenye usingizi mdogo kuliko zote, ingawa kwa kawaida ni ghali zaidi. Hii uinywe kwa maji matupu. Juisi ya machungwa huzuia dawa isinyonywe vizuri tumboni, nami nakujua na machungwa yako ya Muheza. Dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini nazo hufanya vivyo hivyo.

Chagua moja kati ya hizo tatu, usichanganye. Kidonge cha kwanza kimeze Ijumaa jioni, Jumamosi keti na madaftari ya kusahihisha ujipime. Ukisinzia juu ya daftari la tano, ni bora ujue ukiwa nyumbani kuliko ukiwa mbele ya darasa. Ila kama una ugonjwa wa figo, una mimba au unanyonyesha, mwone daktari kabla ya kununua chochote.

Mtego unaowanasa wengi ni vidonge vya mafua vya mchanganyiko. Geuza pakiti usome nyuma: ukiona neno linaloanza na herufi chlorphen, hiyo ni Piriton iliyovaa nguo nyingine. Ukiimeza pamoja na ile ya njano, umejipa dozi mbili. Dawa za kikohozi baadhi zinayo pia. Hata watoto: yule anayelala dawati la nyuma kila asubuhi, muulize mama yake kampa dawa gani ya maji kabla hujachukua hatua nyingine.

Kahawa? Kikombe kimoja asubuhi sawa, na kashata yake. Hufungua macho, lakini klofeniramini haiondoki ubongoni kwa sababu hiyo. Kahawa ukiinywa baada ya saa kumi jioni, usiku hulali, na kesho unakuwa na usingizi wa aina mbili. Bora ulaze kichwa mezani ofisini dakika 15 hadi 20 saa za mapumziko, simu ikiwa na kengele. Ukipitisha hapo utaamka mzito zaidi.

Pua ikikusumbua karibu kila siku, vidonge visiwe ndiyo tegemeo. Uliza dawa ya kupuliza puani ya beklometasoni au flutikasoni, haileti usingizi. Inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kushoto lipulizie kwa mkono wa kulia na la kulia kwa mkono wa kushoto, mdomo wa chupa ukielekea upande wa sikio. Ukiupulizia ukuta wa katikati, pua huweza kutoka damu. Vuta pumzi taratibu, usinuse kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni. Ipe wiki mbili za kila siku; wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi.

Halafu punguza kinachokuchokoza. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, nawe usimame mbali. Darasa linyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na wewe uingie vumbi likishatua. Nyumbani, pwani yetu hii ina unyevunyevu, na wadudu wadogo wa vumbi huupenda: mashuka na foronya zifue kila wiki kwa maji ya moto, na mto wa sufi uliokaa miaka utoe.

Lakini kifua kikianza kupiga filimbi, au midomo na ulimi vikavimba, hapo si suala la kidonge tena. Nenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, na usiende peke yako.

Pakiti zote ulizonazo ndani zitie mfukoni, hata zilizobaki kidonge kimoja. Nikija Jumamosi tutazisoma moja moja.

Wako,
Zuhura