Chesi hukatika pembeni mwa bamba, si kwenye mshono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie pikapu zetu za kubebea viazi. Zinapakiwa lumbesa mpaka bodi inakaribia tairi, na chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikipasuka hutengenezwa haraka haraka kando ya barabara: bamba nene linabandikwa juu ya ufa, linachomelewa pande zote nne, gari linaondoka. Chesi ikikatika tena, lawama humwangukia mchomeleaji kwamba rodi, yaani vijiti vya kuchomelea, hazikuingia ndani ya chuma. Mara nyingi ziliingia vizuri tu. Ukichunguza utakuta ufa mpya umepita kandokando ya mshono wa kuchomelea wa wima, palepale bamba linapoishia.

Chesi imeundwa ijipinde kidogo gari linapopita kwenye mashimo. Ukibandika bamba la milimita 8 juu ya chuma cha milimita 3, sehemu hiyo inakuwa ngumu kama jiwe na mpindo wote unahamia ukingoni mwa bamba. Umeme ukiwa mkali, mshono nao unakula chuma pembeni na kuacha kijifereji, na ufa huanzia humo. Nondo na engo (vyuma vya pembe) zinazobandikwa huleta balaa lilelile.

Kazi ianze kwa kushusha mzigo wote na kuinua chesi kwa jeki, mwanya ufunge na boriti, yaani ule mhimili mrefu wa chesi, inyooke. Pima mshazari kutoka tundu hadi tundu pande zote mbili. Vipimo visipolingana, gari litakwenda upande hata mshono uwe mzuri namna gani. Chomoa waya hasi wa betri, na kwenye magari yenye kompyuta chomoa na soketi ya oltaneta, yaani jenereta inayochaji betri. Sogeza paipu za breki na nyaya, na tenki la mafuta kama liko karibu. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye chesi yenyewe, karibu na ufa. Ukibanwa mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi na kuziharibu.

Sasa tafuta mwisho wa ufa, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana kwa macho. Saga rangi na kutu mpaka chuma king'ae, paka mafuta ya taa, subiri kama robo saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Mstari unapoishia, toboa tundu la milimita 4 au 5. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutembea chini ya bamba na hutauona tena.

Fungua ufa kwa grenda uwe na umbo la V, ukiacha mwanya wa milimita 2 hivi chini. Kwa chesi ya boksi, yaani iliyozibwa pande zote nne, penyeza kipande chembamba cha chuma kwa nyuma kishike mshono. Rodi ya aina ya 7018 (namba huandikwa kwenye rodi) ya milimita 2.5 inafaa kuliko aina ya 6013 kwa sababu mshono wake haupasuki kirahisi, ila iwe kavu: iliyokaa wazi kwenye unyevu ni hasara tupu. Tumia umeme wa DC, rodi ikiwa upande chanya, ampea 70 hadi 90. Choma vipande vifupi vya sentimita 3 au 4, pumzisha chuma, rudi. Usimwagie maji. Mshono ukipoa, usage uwe sawa na chesi.

Bamba, kama linahitajika, lisizidi unene wa chesi na lipite ufa sentimita 15 kila upande. Likatwe ncha kama almasi, pasiwe na mshono wa wima unaokatisha boriti. Choma kingo za mshazari na ujaze kwa kuchomelea matundu machache yaliyotobolewa katikati yake. Zile ncha ziachwe bila kuchomwa. Ukingo wa juu na wa chini wa boriti usiguswe, huko ndiko mvuto na mgandamizo ni mkubwa zaidi. Maliza kwa rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje.

Kama nyundo inazama kwenye kutu, acha kuchomelea. Kipande hicho kikatwe kiwekwe kingine, au chesi ibadilishwe. Na majani ya springi yanayoongezwa ili gari libebe zaidi hayaiongezei chesi nguvu hata kidogo. Yanaipa mzigo ambao haikuundiwa, na mara nyingi ufa hutokea nyuma ya kabini au kwenye mkono wa springi ya nyuma, pale springi inaposhikiliwa na chesi.

Mwenye gari akiambiwa kazi hii inachukua siku nzima asidhani anaibiwa. Kuchomelea kwenyewe ni saa moja tu. Muda uliobaki ni wa kusaga, kupima na kusubiri chuma kipoe.

Fundi chesi,
Makambako, Njombe