Tusiwalaze wageni garini injini ikinguruma

Mhariri,

Joto la kaskazi likianza, magari ya utalii ya hapa Malindi hupata wateja wanaotaka safari za mbali kuliko Tsavo na Marafa. Wengi siku hizi wanataka Chalbi, lile jangwa la Marsabit, tena walale humo humo garini kiyoyozi kikiwaka hadi alfajiri. Wako wenye magari wanaowakubalia, na dereva huagizwa asizime injini. Nawaomba waache. Joto si jambo la kupuuzwa, lakini liko la kufanya badala yake.

Hatari kubwa ni moshi. Injini, hasa ya petroli, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, akatoka nje. Aliyelala hana habari. Gari likiwa mwendoni huuacha moshi nyuma. Likisimama, moshi huenea chini yake. Chalbi ni tambarare tupu yenye upepo mkali, na upepo ukivuma kutoka nyuma hupeleka moshi hadi mbele, pale chini ya kioo ambapo kiyoyozi huvuta hewa. Dereva atasema amefunga hewa ya nje. Haitoshi. Mipira ya milango iliyochakaa na paa la kuinuka la magari ya safari havizuii gesi kwa saa 8.

Magari ya pwani yana ila ya ziada: chumvi ya bahari hula bomba la moshi, hasa kwenye viungio na mgongoni mwa sailensa, mahali usipopaona hata ukilala chini ya gari. Kupima ni rahisi. Gari liwe nje, injini baridi. Liwashwe, mmoja azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene lililoloa kwa sekunde chache, mwingine asikilize chini. Bomba zima huibana injini hadi itake kuzimika. Lililotoboka hupumua kwa sauti palipo na tundu. Gari likifeli kipimo hiki halifai hata kwa safari ya mchana.

Tena kiyoyozi cha gari hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, huzungushwa na mkanda wa injini na yaweza kula nguvu ya kilowati 3. Kwa betri ya volti 12 hizo ni amp 250, ndiyo maana huwezi kuzima injini ukategemea betri ya amp-saa 70, yaani ya kutoa amp 1 kwa saa 70. Injini ikiachwa ingurume, huchoma takriban lita 1 hadi 1.5 kwa saa. Usiku mmoja ni lita 8 hadi 12, na ukishatoka Marsabit mjini mafuta si ya kuchezea. Kondensa ya mbele, pale kiyoyozi kinapotolea joto, nayo hupozwa na feni peke yake, kwa sababu gari halikimbii. Vumbi la chumvi la Chalbi likijaa kwenye mapezi yake, presha ya gesi ya kiyoyozi hupita psi 400, swichi hukata kompresa, na rejeta iliyo nyuma yake huanza kuchemka.

Sasa la kufanya. Jua likizama fungueni milango yote nusu saa, maana viti na bati ndivyo vilivyohifadhi joto la mchana. Egesheni gari ubavu ukielekea upepo, teremsheni vioo vya pande zote mbili, mfunike nafasi kwa chandarua. Fungeni feni 2 ndogo za volti 12. Kila moja hula kama amp 1, kwa hiyo kwa saa 9 ni amp-saa 18 tu. Ziunganishwe na betri ya pili, si ile ya stata inayowasha injini. Betri ya asidi ya amp-saa 100 msiishushe chini ya nusu, yaani karibu volti 12.2 ikiwa imetulia. Hapo mna usiku 2 bila kuchaji.

Jangwani hewa ni kavu, basi kanga iliyoloa ikitundikwa mbele ya feni hupoza kweli kweli, maana maji yakikauka huondoka na joto. Hapa Malindi msijisumbue: hewa imejaa unyevu, kanga itabaki mbichi mpaka asubuhi. Wekeni lita 2 au 3 za maji kwa kazi hiyo, mbali na ya kunywa.

Mteja aking'ang'ania kiyoyozi, kipo kidogo cha volti 12 chenye kompresa yake ya umeme. Kinachokula wati 250 huvuta takriban amp 20. Saa 8 ni amp-saa 160, kwa hiyo kinataka betri ya lithiamu ya amp-saa 200. Chaja ya amp 30 kutoka kwa alteneta, mtambo wa umeme unaozungushwa na injini, huirudisha kwa zaidi ya saa 5 za safari. Waya uwe wa milimita mraba 16, na fyuzi ya amp 60 karibu na kila betri. Fundi asiyetaka kuweka fyuzi mbili, mwacheni. Jenereta ikitumika, ikae mita 6 au zaidi upande moshi unakoelekea. Na wenye magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme, wajue kiyoyozi kikiachwa kinawaka, injini hujiwasha yenyewe usiku betri ikipungua.

Mwisho, kila gari la kulala liwe na king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vichwa vya waliolala. Cha moshi wa kawaida si hicho. Hiki cha kaboni monoksidi kina tarehe ya kwisha nyuma yake. Kikilia, au mtu akiamka na kichwa kizito, wote watoke, injini izimwe, na mgonjwa akimbizwe hospitali apewe oksijeni. Kile kipimo cha kubana kidole msikiamini: husoma damu yenye sumu hii kana kwamba imejaa oksijeni.

Fundi wa umeme na viyoyozi vya magari,
Malindi